Chesi ndani ya KB 1? Inaenea kabisa

Mdogo wangu wa Nyamanoro, umeuliza kama kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya KB 1 (kilobaiti moja) tu inaweza kweli kucheza chesi. Inaweza, na ilishafanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa programu David Horne aliibana kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, Sinclair ZX81, kwa baiti 672. Ukihesabu baiti moja kwa herufi moja, hizo ni SMS nne na kidogo! Sheria alizoacha nje ni mfalme kujikinga kwa ngome, askari kupanda cheo, na ule ulaji wa askari wa kupitia pembeni.

Utamu uko kwenye ubao. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi, chora ubao wa nyumba 10 kwa upana na 12 kwa urefu, zipe nyumba namba kwa mfululizo, mstari kwa mstari, kisha weka 64 za kuchezea katikati. Sasa hatua ya farasi ni kujumlisha au kutoa 8, 12, 19 au 21 kwenye namba ya nyumba yake, basi. Akiangukia nje ya zile 64, hatua hiyo ni batili. Hakuna haja ya kuandika sheria ndefu za mipaka, na hapo ndipo baiti nyingi huokolewa.

Jumamosi njoo Kirumba na daftari lako, tuanze na farasi.