Jibu: Niko Agra Ijumaa tu, ngome inafaa?

Salaam mkuu. Umesema una Ijumaa moja tu Agra, India, Taj Mahal siku hiyo haipokei watalii, na unahofia safari imeharibika. Haijaharibika hata kidogo, nenda Ngome ya Agra.

Kwanza hakikisha dereva anakushusha Lango la Amar Singh. Lango la Delhi haliingiliki kwa wageni, upande ule uko chini ya jeshi. Kuta za mawe mekundu ni kazi ya Akbar, mfalme wa Wamughal, aliyeanza kuijenga upya ngome mwaka 1565. Jumba la Jahangiri Mahal ulipe muda, jiwe limechongwa kama mbao.

Ila moyo wangu uko Musamman Burj, baraza ya pembe nane ya Shah Jahan, mfalme aliyejenga Taj Mahal, marumaru tupu. Inama utazame nguzo kwa karibu: maua yamechimbwa ndani ya jiwe na kujazwa vijiwe vya rangi. Mwanawe Aurangzeb alimfungia ngomeni tangu 1658 hadi alipofariki 1666, na kutoka hapo Taj inaonekana wazi kwenye kona ya mto Yamuna.

Ukienda Desemba au Januari, ingia saa tano hivi. Ukungu wa asubuhi huificha Taj.