Jibu: Bitiruti zangu ni majani tu, chini hakuna kitu

Habari dada. Umesema bitiruti zimejaa majani lakini chini ni mzizi mwembamba. Kwanza angalia msongamano. Ile unayoiona mbegu moja kwa kawaida ni kishada cha mbegu kadhaa, ndiyo maana shimo moja huota miche mitatu, minne. Ikifika urefu wa kidole, bakiza mmoja wenye nguvu kila sentimita 8 hadi 10. Mingine ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya jirani. Na majani usitupe kabisa! Mimi huyakaanga na kitunguu na nyanya, matamu kuliko mchicha.

Kama nafasi ipo, basi ni kivuli au mbolea ya urea imezidi. Bitiruti ukizivuna, zichemshe na maganda yake, rangi isiishie majini.