Maina iliyotoka nje ya kii: maswali yenu

Safari hii wengi walioandika ni watunzi wa nyimbo, na karibu wote wamekwama pahali pamoja: kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya maina, yaani yenye sauti ya huzuni, isiyo ya kii ya wimbo, yaani kundi la noti ambamo wimbo umejengwa. Nitajibu kwa kii ya C ili tusipotezane. Maina za nyumbani humo ni Dm, Em na Am (hiyo "m" ni maina; herufi peke yake ni meja, yenye sauti ya furaha). Nyingine zote ni wageni.

Mwalimu, rafiki aliniambia niweke Fm kati ya F na C kwenye kiitikio. Nimeiweka na imenigusa hasa, ila sielewi kwa nini. (Bombo)

Shika gitaa, kijana wangu. Piga F ya bare (kidole cha shahada kikibana nyuzi zote), kisha inua kidole cha kati peke yake. Hiyo ndiyo Fm. Uzi wa tatu umetoka freti ya pili ukaja ya kwanza, na ukihamia C uzi huohuo unabaki wazi. Umepiga A, A flati (noti iliyo kati ya A na G), halafu G, kila hatua ikishuka nusu toni, yaani freti moja. Kilichokugusa ni mteremko huo. Mtunzi anayeuelewa hahitaji kukariri orodha ya kodi za huzuni.

Sasa tazama maneno. Tuseme umeandika: "Nilikungoja Jinja, basi likapita, nikarudi nyumbani." F ikae kwenye Jinja, Fm kwenye likapita, C kwenye nyumbani. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo badilisha kodi juu ya "pi", usiibadilishe juu ya "li". Ukiwahi, msikilizaji anahuzunika kabla hajajua kwamba basi limeshapita. Na hiyo A flati mpe mwimbaji aiimbe kwa mdomo wake. Watunzi wengi huiachia gitaa tu, huku sauti imeganda kwenye C tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Hapo kodi nzuri inapita bila mtu kuisikia, nami husikitika sana.

Je, Gm? Kaka yangu anapiga kinanda na anasema ni kosa, kwa sababu G ya kii ya C ni meja. (Mbale)

Si kosa, dada. Gm ina B flati, na B flati ni noti ya kii ya F. Piga Gm, C7, kisha F, utasikia wimbo umehamia kwa jirani kwa muda. The Beatles walifanya hivyo mwaka 1963 katika "From Me to You": wimbo uko kwenye C, na sehemu ya katikati inafunguka kwa Gm. Itumie pale maneno yanapogeuka, kwa mfano mwanzo wa sehemu inayokuja baada ya kiitikio cha pili. Ndani ya ubeti wa kwanza ni mapema mno, maana msikilizaji bado hajaijua nyumba yenyewe.

Nikirekodi mstari wenye Fm, sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine. Produsa anasema sipati noti. (Kampala)

Muulize Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, ameiwekea kii gani. Ikiwa imewekwa C meja, programu haiitambui A flati: inakuvuta juu hadi A au chini hadi G, hata kama umeimba sawasawa. Niliwahi kukaa studio na binti aliyerudia mstari mmoja mara kumi na moja, machozi yakimlenga, akiamini kosa ni lake. Nikaomba A flati iruhusiwe kwenye programu. Tukasikiliza upya rekodi yake ya kwanza kabisa: alikuwa ameipata noti tangu mwanzo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa huwezi kuimba kabla mpangilio huo haujakaguliwa.

Kanisani tuna adungu (vinubi vya kwetu) tatu na kinanda. Mpiga kinanda akiweka Fm, tunagongana naye. (Arua)

Adungu zenu bila shaka zimefungwa kwa do, re, mi, fa, so, la, ti. Humo A ipo, A flati haipo. Kinanda kikishuka nanyi mkabaki juu, noti mbili zilizoachana nusu toni zinalia pamoja, na mgongano wake ni mkali. Dawa ni kuukwepa uzi wa A kwa mapigo hayo tu: gonga F na C, basi. F na C zimo ndani ya F na ndani ya Fm pia, hivyo kinanda kitabeba huzuni yote peke yake. Lakini adungu ya besi isinyamaze. Ishikilie F, kwa sababu A flati ikishuka juu ya besi iliyotulia ndipo uzuri wake unapoonekana.

Tafadhali msifungue vigingi ili kushusha uzi mmoja kwa ajili ya wimbo mmoja. Wimbo unaofuata utawaumbua.

Sauti yangu haifiki kii ya C. Fm inakuwa nini kwingine? (Busia)

Hesabu noti za kii hadi ya nne, chukua kodi yake, kisha uigeuze maina. Kwenye G ni Cm, kwenye D ni Gm, kwenye A ni Dm, kwenye E ni Am. Kama unapiga gitaa na bare bado inakutesa, anza na A au E.