Re: Solitoni yangu inatanuka badala ya kushika umbo

Salaam mkuu. Umesema unaiga kwa kompyuta solitoni (mpigo wa mwanga unaoshika umbo lake ukisafiri), yaani mpigo wa umbo la sech (sekanti haipaboliki) wa pikosekunde 1 kwenye faiba ya kawaida ya modi moja, urefu wa wimbi nm 1550, nguvu ya kilele wati 16.7, na mpigo unatanuka.

Anza na upana. Hiyo pikosekunde 1 umeipima kwenye nusu ya kilele, lakini fomula inataka T0, yaani upana huo ugawe kwa 1.763: ps 0.567. Kwa β2 (mtawanyiko wa faiba, yaani masafa tofauti kusafiri kwa kasi tofauti) = −21.7 ps²/km na γ (nguvu ya athari ya Kerr, yaani ukali wa mwanga kubadilisha fazi yake wenyewe) = 1.3 kwa wati kwa kilomita, nguvu ya kilele inayohitajika kwa solitoni, P0 = |β2|/(γT0²), inatoa takriban wati 52. Kwa wati 16.7, N yako (mzizi wa pili wa 16.7/52, inayotakiwa kuwa 1) ni kama 0.57 tu, mtawanyiko lazima ushinde.

Ikiendelea kutanuka, kagua alama za jumlisha na kutoa kwenye msimbo. Hatua ya mtawanyiko ni exp(iβ2ω²h/2), ya Kerr ni exp(iγ|A|²h); ω ni masafa, h urefu wa hatua, A ukubwa wa mpigo. Ukigeuza moja peke yake, umehamia mtawanyiko wa kawaida (kama β2 ingekuwa chanya), na solitoni angavu haipo huko. Msimbo hukuuweka, kwa hiyo alama zako siwezi kuzithibitisha. Hatua ya Kerr peke yake ipime hivi: weka β2 = 0. Spektra itanuke, |A|² kwenye wakati isibadilike hata kidogo. Ikibadilika, kosa liko kwenye hatua ya Kerr yenyewe (mfano i imesahaulika) au FFT (hesabu ya kugeuza wakati kuwa masafa) na kinyume chake havilingani.

Hatua ya m 0.1 inatosha. Dirisha la wakati lisipungue ps 20, pointi 4096. Likibana, mabaki ya mwanga yanatokea upande wa pili na kuuchafua mpigo.