Viishio visivyosikika: wasomaji wanauliza kuhusu vitenzi vya Kifaransa

SWALI: Mhariri, salaam. Nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini na baadhi ya wateja wangu ni Wangazija. Kiswahili wanakielewa, ila karatasi zao nyingi ni za Kifaransa, ndiyo maana nimeanza kujifunza. Nimekariri parle, parles, parlons, parlez, parlent, lakini nikisikiliza redio siambulii tofauti. Nakosea wapi?
*Msomaji, Mtwara*

JIBU: Sikio lako ni zima, ndugu. Kati ya maumbo sita ya kitenzi hiki, manne hutamkwa vilevile. Chukua kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, *parler* (kuzungumza), uondoe *-er*. Kinachobaki, *parl-*, ndilo shina. Kisha bandika kiishio cha kila nafsi:

je parle – nazungumza
tu parles – unazungumza
il / elle parle – anazungumza
nous parlons – tunazungumza
vous parlez – mnazungumza (pia kwa mtu mmoja wa kuheshimiwa)
ils / elles parlent – wanazungumza

Viishio *-e*, *-es* na *-ent* ni vya kalamu tu. Mdomoni vyote vinaishia "parl". Hata hiyo *-ent* ndefu ni kimya kabisa, na anayeitamka hujulikana mara moja kuwa alijifunzia kwenye karatasi. *-ons* hutoka puani, n yake haigongwi. *-ez* ni e kama ya mwisho wa "pole".

Tatizo kubwa la sisi Waswahili liko mbele ya kitenzi. Tumezoea nafsi kukaa ndani ya neno: ninabangua, tunabangua. Neno "mimi" tunaliongeza tukitaka kusisitiza. Kwa Kifaransa *je*, *tu*, *il* lazima zitajwe kila mara, kwa kuwa ndizo zinazomwambia msikilizaji nani anatenda. Ukisema "parle" peke yake umeshatoa amri: zungumza! Kwa hiyo usikariri orodha ya viishio kama ulivyofanya. Kariri nafsi na kitenzi kwa pumzi moja.

Kitenzi kikianza kwa irabu, *je* hukatwa: *j'aime* (napenda). Hapo pia wingi husikika, maana *il aime* ni "il-em" lakini *ils aiment* ni "ilz-em". Hiyo z ndogo ndiyo ya kuitegea sikio redioni. Na utakaposikia *on parle*, mara nyingi maana yake ni "sisi": kwenye mazungumzo Wafaransa hupenda kutumia *on* badala ya *nous*, na kiishio chake ni kile cha *il*.

Usiandike "je suis parle" kwa kudhani "ninazungumza sasa hivi" inadai kitenzi kisaidizi. Hilo ni kosa la walioanza na Kiingereza. *Je parle* inatosha kwa nazungumza na kwa huwa nazungumza.

SWALI: Niko kidato cha tatu. Nimeandika "nous mangons" na "nous commencons", mwalimu akakata zote mbili. Si ndiyo kanuni?
*Mwanafunzi, Lindi*

JIBU: Kanuni umeifuata, ila umesahau sauti. Herufi *g* mbele ya *o* husomwa kama g ya "goti", ilhali *manger* (kula) ina sauti laini. Ili ulaini ubaki, huongezwa *e*: *nous mangeons*. Vivyo hivyo *c* mbele ya *o* ingesomwa k, kwa hiyo huwekewa mkia: *nous commençons* (tunaanza). Nafsi nyingine tano hazihitaji marekebisho hayo, maana viishio vyake huanza na *e*.

Kinyume chake ni *acheter* (kununua). Hicho hubadilika pale kiishio kinapokuwa kimya: *j'achète, tu achètes, il achète, ils achètent*, lakini *nous achetons, vous achetez*. *Appeler* (kuita) huongeza l pale pale: *j'appelle, nous appelons*.

Katika imla, angalia pia kwamba *parler*, *parlé* na *parlez* husikika sawa. Baada ya *vous* andika *-ez*; baada ya *j'ai* (nina) au *nous avons* (tuna) andika *-é*; baada ya *pour* (ili) au kitenzi kingine, kama *je veux* (nataka), andika *-er*.

SWALI: Kuvua samaki ni pêcher au pécher?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: *Pêcher*, yenye kofia: *je pêche, nous pêchons*. Ile nyingine ni kutenda dhambi, na ukiikosea mvuvi ataonekana anaungama.

SWALI: Vitenzi vya -ir na -re navyo vinaondolewa herufi mbili?
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Ndiyo, ila viishio ni vingine. *Finir* (kumaliza): *je finis, tu finis, il finit, nous finissons, vous finissez, ils finissent*. *Vendre* (kuuza): *je vends, tu vends, il vend, nous vendons, vous vendez, ils vendent*. Jihadhari na *ouvrir* (kufungua), ambacho sura yake ni ya *-ir* lakini huchukua viishio vya *parler*: *j'ouvre*. Na *aller* (kwenda), ingawa kinaishia na *-er*, hakifuati kanuni hizi: *je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont*. Hicho kikariri kilivyo.