Niende mafunzoni, au nibaki na mwanangu?

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na ana utindio wa ubongo. Kliniki anakofanyia mazoezi ya viungo imetualika wazazi kwenye mafunzo ya siku mbili ya kukubali na kudhamiria. Mama mkwe anasema ni kupoteza muda, kwani mwenye tatizo ni mtoto, si mimi. Nami nahofia kwamba nitafundishwa kukata tamaa. Hata harusini siendi tena, kwa kuwa watu humkodolea macho. Nifanye nini? – Mama wa Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nenda.

Mbinu hiyo ya kukubali na kudhamiria, yaani kuupokea uchungu wa moyoni huku ukidhamiria kutenda yaliyo muhimu kwako, ilianza kujengwa miaka ya 1980 na mwanasaikolojia Steven Hayes wa Marekani. Mwaka 2006, yeye na mtafiti mwenzake, John Blackledge, walichapisha matokeo ya warsha ya siku mbili, kama hiyo uliyoalikwa, waliyowafanyia wazazi 20 wa watoto wenye usonji. Sonona na msongo wa wazazi hao vilipungua, na nafuu hiyo ilikuwapo hata miezi mitatu baadaye. Ulikuwa utafiti mdogo, usio na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sikuahidi miujiza. Karibu nasi zaidi, Shirika la Afya Duniani liliandaa kozi fupi yenye msingi huohuo, ikajaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini waliokuwa kaskazini mwa Uganda, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba msongo wao ulipungua kuliko wa wenzao ambao hawakuipata.

Hofu yako ya kukata tamaa naielewa, na ndiyo ninayotaka kuijibu kwa kirefu. Fikiria saa ya uji. Umemkalisha mtoto wima, umemshika kidevu, kijiko cha kwanza kimerudi pamoja na mate, na hapo hapo linakujia wazo ambalo akina mama wengi wa watoto hawa wanalijua: “Ningewahi hospitali siku ile, asingekuwa hivi.” Ukianza kubishana nalo, utajikuta umemaliza bakuli bila kumtazama mwanao usoni hata mara moja. Mafunzoni utazoezwa kujiambia, “Sasa hivi nina wazo kwamba nilimkosea mwanangu,” kuona mahali linapokubana mwilini, kuvuta pumzi, kisha kurudi kwenye kijiko. Huzuni yaweza kubaki palepale, lakini wewe umerudi kwa mtoto.

Kinachokubaliwa, basi, ni uchungu ulio moyoni mwako, ambao umeshindwa kuufukuza kwa miaka sita. Mazoezi ya viungo yanaendelea. Na shule ikimkataa, usikubali hata kidogo, kwa sababu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake.

Kuhusu harusi, utaulizwa unataka kuwa mama wa namna gani kwa mtoto huyu. Ukijibu kwamba unataka akue akijulikana na ndugu zake, utasaidiwa kuchagua hatua ndogo inayoelekea huko, pengine kukaa naye nusu saa kwenye shughuli ya jirani. Watu watatazama, nawe utaumia. Usisubiri maumivu yaishe ndipo utoke, kwa maana kila mwaliko unaoukwepa unakupa ahueni ya siku moja tu, huku mtoto akizidi kuwa mgeni katika ukoo wake mwenyewe.

Hata hivyo, ikiwa umekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au unawaza afadhali ufe, usingoje mafunzo. Nenda hospitali sasa na umweleze daktari waziwazi.

Mama mkwe usimjibu kwa hasira. Mweleze kwamba anayembeba mtoto, anayemgeuza usiku na kumfanyisha mazoezi nyumbani ni wewe, na kwamba ukizidiwa wewe, hayo yote yanasimama. Kisha mwombe akae naye siku hizo mbili. Naamini baadhi ya bibi wanaopinga huwa wanaogopa kumshika mtoto asije akapaliwa, kwa hiyo anza wiki hii kumwonyesha taratibu jinsi ya kumkalisha na kumlisha, nawe ukiwa pembeni yake, mpaka mikono yake izoee.