Anza na jua la asubuhi, dada
Pole sana dada. Umesema unapanda kitandani saa nne usiku, usingizi hauji hadi saa nane, na kutwa nzima uko dukani chini ya taa. Mimi ningeanza na jua. Ukiamka tu, toka nje, kaa kibarazani dakika 20 hivi bila simu; mwanga ule wa asubuhi ndio unaoweka sawa saa ya mwili, usiku usingizi ukaja mapema. Chai na kahawa ziishie mchana, kafeini hukawia kutoka mwilini. Macho yakiwa mazito, lala hapo hapo, usijilazimishe kumalizia tamthilia. Ila kama unakoroma na kushtuka ukitafuta pumzi, hilo mpelekee daktari, tafadhali.